Ratiba ya Hiace Ipangwe Kama ya Treni

Gari la Ngara likisubiri kujaa stendi ya Biharamulo, abiria wa Lusahunga na Nyakahura watalikuta halina siti. Likiondoka nusu tupu, jioni hesabu ya tajiri haitimii. Basi konda anaanza kusimama kila penye mkono ulionyooshwa, na safari ya asubuhi inafika Ngara watu wa ofisini wakijiandaa kwenda kula.

Wenye reli walikutana na tatizo hili zamani, na majibu yao yamepimwa miaka mingi. Ngara na Biharamulo bado hazina reli. Majibu hayo, hata hivyo, yanafanya kazi barabarani vilevile. Yachukue, wewe mwenye gari, dereva, konda au kiongozi wa stendi. Hayahitaji mtaji. Yanahitaji daftari, saa na msimamo.

Anza na daftari

Nunua daftari gumu. Chora safu nne: kituo, saa, waliopanda, walioshuka. Mpe konda. Ajaze kila gari linaposimama, hata akipanda mtu mmoja tu.

Fanya hivyo wiki nzima, usiruke siku. Siku ya gulio haifanani na Jumatatu ya kawaida. Siku shule zinapofunguliwa gari linajaa masanduku na magodoro. Ukihesabu siku moja tu utapanga ratiba ya siku hiyo moja.

Ongeza safu ya tano: walioachwa. Gari likipita limejaa, konda ahesabu waliobaki barabarani wakipunga mikono. Wengi hawaiandiki safu hii, na ndiyo yenye pesa. Hao ndio wanaochukuliwa na magari madogo ya michomoko, wanabanwa wanne kwenye siti ya watu watatu, na wanalipa zaidi yako.

Halafu uliza swali moja: "Umetoka wapi mpaka kufika hapa barabarani?" Aliyepandia Benaco huenda ameletwa na bodaboda kutoka kijiji cha ndani kabisa, na nauli ya bodaboda imemla kuliko yako. Ukijua anakotoka, utajua kituo kikae wapi.

Kila kusimama kuna bei yake

Fungua saa ya kupimia kwenye simu. Bonyeza dereva anapoanza kukanyaga breki. Simamisha gari linaporudia mwendo wake. Usipime muda wa mlango kuwa wazi peke yake. Pima na kupunguza mwendo, kufunga gunia la maharage juu ya keria, kutafuta chenji, na kuingia tena barabarani malori ya Kigali yakikupita.

Tuseme umepata wastani wa dakika 3. Vituo 20 vimekula saa nzima. Hapo bado hujatembea hata kilomita moja.

Sasa fanya hesabu wanayofanya wapanga ratiba wa treni. Zidisha dakika za kusimama kwa idadi ya watu waliokaa ndani. Ukisimama dakika 3 kumchukua mtu mmoja na ndani mna watu 14, umewatoza dakika 42 kwa pamoja. Akipanda mtu mmoja, bei hiyo ni kubwa. Wakipanda sita, inalipa. Hesabu hiyo ifanye kwa kila kituo kilichomo daftarini, utaona vinavyojilipa na vinavyolelewa na vingine.

Kituo kinacholelewa usikifute haraka. Kwanza kiunganishe. Ukiona vituo viwili ambavyo mtu anaweza kutembea kutoka kimoja hadi kingine kwa dakika tano, chagua kimoja. Chagua chenye kivuli, chenye njia ya bodaboda inayoingia kijijini, na chenye mahali pa gari kutoka nje ya lami. Watalalamika wiki mbili, kisha watazoea, kwa sababu gari litakuwa linafika saa ileile kila siku.

Kama hakiunganishiki, kifanye kituo cha ombi. Gari linasimama pale abiria akipiga simu kwa konda mapema, au aliye ndani akisema anashuka. Vipo pia vituo vya siku moja kwa wiki. Gulio likiisha, hakuna anayevihitaji hadi wiki ijayo. Viandike hivyo kwenye ratiba, ili mtu asikae pale Jumanne anasubiri gari lisilosimama.

Usiweke kituo kwenye kona wala kwenye mteremko, hata kama watu wamezoea kusimama hapo. Barabara za Ngara ni za milima. Lori lenye mzigo linaloshuka kuelekea mpakani Rusumo halisimami ghafla. Sogeza kituo hadi palipo tambarare, mahali dereva anayekuja nyuma anakuona kwa mbali.

Si kila gari lisimame kila mahali

Hapa ndipo reli inaponifurahisha zaidi. Shirika la Reli Tanzania, TRC, lilianza safari za reli ya kisasa, SGR, kati ya Dar es Salaam na Morogoro tarehe 14 Juni 2024, na Dodoma tarehe 25 Julai mwaka huohuo. Katikati kuna vituo kama Pugu, Soga, Ruvu, Ngerengere, Kilosa, Gulwe na Igandu. Treni ya kawaida inawahudumia watu wa vituo hivyo. Treni ya haraka inavipita vingi bila kusimama, ikiwahisha wanaokwenda mbali. Njia ni moja, huduma mbili, na kila abiria anajua anapanda ipi.

Kenya nao wanafanya hivyo kwenye reli yao ya Mombasa na Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 2017. Ipo treni inayosimama Athi River, Emali, Kibwezi, Mtito Andei, Voi, Miasenyi na Mariakani. Nyingine zinapita nyingi ya stesheni hizo. Fikiria wangelazimisha treni zote zisimame kote: wa Mombasa angechoka njiani, na wa Miasenyi asingepata faida yoyote kwa treni ya tano kusimama kwake siku hiyohiyo.

Fanya vivyo hivyo. Mkiwa na magari manne kwenye njia ya Biharamulo hadi Ngara, mawili yawe ya vituo vikubwa: Biharamulo, Lusahunga, Nyakahura, Benaco, Ngara. Basi. Mawili yawe ya vituo vyote. La haraka litangulie, la vituo vyote lifuate nyuma yake. Ukiyapanga kinyume, la haraka litalikuta la mbele limesimama, dereva atashawishika kulipita mahali pabaya, na faida yote imeishia hapo.

Weka kibao kwenye kioo cha mbele. Andika kwa herufi kubwa: HARAKA au VITUO VYOTE. Abiria asigundue akiwa ameshapita kwao.

Halafu ulinde ule utaratibu. Gari la haraka likisimama mara moja tu kwa ajili ya shemeji wa dereva, kesho yake mashemeji watakuwa kumi.

Hesabu saa kwa kurudi nyuma

Usianze kupanga kwa kuuliza dereva anaamka saa ngapi. Anza na mahali abiria anapotakiwa kufika na saa anayotakiwa kuwa pale.

Mama anayempeleka mtoto hospitali ya Murgwanza au Nyamiaga anataka kuwa kwenye foleni mapema. Akifika saa 5, ataambiwa arudi kesho, na nauli imekwenda bure. Weka lengo: gari la kwanza liwe Ngara mjini saa 2 asubuhi. Kisha rudi nyuma. Dakika zako mwenyewe kutoka Benaco hadi Ngara, toa. Kutoka Nyakahura hadi Benaco, toa. Endelea mpaka Biharamulo. Saa utakayoipata ndiyo saa ya kuondoka, hata kama ni giza.

Kwa hospitali ya Rulenge fanya hivyohivyo. Mgonjwa anayetoka vijiji vya jirani anahitaji gari la asubuhi la kwenda na la mchana la kurudi. Ukimpa la kwenda bila la kurudi, ataona bora apande bodaboda.

Kisha yako mabasi makubwa. Tangu Oktoba 2023 mabasi ya masafa marefu yanaruhusiwa kusafiri usiku, kwa hiyo watu wanashushwa Nyakanazi, Lusahunga na Benaco saa ambazo zamani hakukuwa na mtu stendi. Nenda ukae pale usiku mmoja au miwili. Andika mabasi ya Dar, Mwanza na Kahama yanapita saa ngapi. Gari lako la alfajiri liwe limeshafika pale kabla yao, kwa sababu abiria mwenye mabegi matatu na mtoto mgongoni hasubiri, anachukua chochote kilicho mbele yake.

Dar es Salaam walipoanzisha treni ya mjini tarehe 29 Oktoba 2012, ile ambayo watu waliiita treni ya Mwakyembe kwa jina la Waziri wa Uchukuzi wa wakati huo, walianza na asubuhi na jioni tu. Mchana treni ilipumzika. Jifunze hapo. Ukiwa na gari moja, usilikimbize mchana kutwa likiwa tupu. Lipe safari ya asubuhi isiyokosekana na ya jioni isiyokosekana. Katikati peleka gereji, osha, pumzisha dereva.

Dakika ileile kila saa

Chagua dakika moja na ishikilie. Kama la kwanza linaondoka Biharamulo saa 12:30, yanayofuata yaondoke 2:30, 4:30, 6:30 na kuendelea. Bibi wa Nyakahura hahitaji karatasi. Anajua gari linapita kwake dakika ileile, kila baada ya saa mbili.

Mwaka 1982 Uswisi ilianza utaratibu huu kwa treni za nchi nzima, treni kila saa kwa dakika zilezile. Walichoongeza ndicho kizuri zaidi: treni za njia mbalimbali zinaingia stesheni kubwa karibu kwa wakati mmoja, abiria wanabadilishana, kisha zote zinaondoka. Hakuna anayekaa saa nzima kwenye benchi.

Wewe unayo Benaco. Dunia iliijua mwaka 1994 kwa kambi kubwa ya wakimbizi kutoka Rwanda. Leo ni mahali pa kubadilishia gari kwa anayetoka Biharamulo, Rusumo au Ngara. Kubaliana na wenzako magari ya pande zote tatu yafike ndani ya dakika kumi zilezile. Abiria wa Rusumo anayekwenda Kabanga ashuke hili, apande lile. Nyakanazi fanyeni hivyo na magari ya upande wa Kibondo.

Amueni mapema gari linamsubiri mwenzake kwa muda gani. Dakika kumi zinatosha. Gari la mwisho la siku lisubiri zaidi, kwa kuwa abiria akiachwa hapo analala hapo. Andikeni kanuni hiyo kwenye karatasi, isibaki mdomoni, la sivyo kila jioni itakuwa na ugomvi wake.

Jihadhari na saa ya mpakani

Rwanda na Burundi ziko nyuma ya Tanzania kwa saa moja. Pale Rusumo, na pale Kabanga karibu na Kobero, simu inaweza kunasa mtandao wa ng'ambo na kujirekebisha yenyewe. Dereva anaona saa 12 kumbe kwetu ni saa 1. Abiria naye hivyohivyo.

Kwa hiyo fanya mambo mawili. Kwenye simu ya dereva na ya konda, zima kipengele cha saa kujipanga yenyewe. Na kwenye kila kibao cha ratiba cha mpakani andika wazi: SAA ZA TANZANIA. Ukiweza, weka safu ya pili yenye saa za ng'ambo, maana wafanyabiashara wanaovuka ni wateja wako pia.

Chora grafu, utaona makosa kwa macho

Huu ndio ujuzi ninaotaka usiuache, hata ukiacha mengine. Chukua karatasi ya grafu, ile ya hesabu za sekondari. Chini, kwa ulalo, andika saa kuanzia saa 11 alfajiri hadi saa 2 usiku. Pembeni, kwa wima, andika vituo kwa mpangilio wake: Biharamulo chini kabisa, halafu Lusahunga, Nyakahura, Benaco, na Ngara juu. Umbali kati ya kituo na kituo uufuate urefu wa barabara, kipande kirefu kipate nafasi kubwa.

Kila gari lipe rangi yake. Linapokwenda Ngara, mstari unapanda. Linaposimama, mstari unalala. Linaporudi, unashuka. Basi, siku nzima ya njia yako imo kwenye karatasi moja. Mfaransa Étienne-Jules Marey alichapisha grafu ya namna hii ya treni za Paris na Lyon katika karne ya 19, na watu wa reli wanaitumia mpaka leo.

Sasa isome. Mistari miwili ikipanda pamoja, imeshikana, hayo ni magari mawili yanayofukuzana. La mbele linabeba, la nyuma linachoma mafuta. Sogeza moja kwa nusu saa.

Ukiona eneo jeupe, hakuna mstari kwa saa mbili au tatu, hapo ndipo unapowapoteza abiria. Linganisha na safu ya walioachwa kwenye daftari. Mara nyingi vinapatana.

Angalia mistari inapokatana. Hapo gari la kwenda na la kurudi linapishana. Jaribu kusogeza makutano hayo yaangukie kwenye kituo kikubwa. Vifurushi vinabadilishwa hapo, na gari moja likiharibika, jingine liko karibu kusaidia abiria.

Mwisho angalia ncha za juu na chini. Kama mstari unafika Ngara na kugeuka palepale bila kulala, ratiba hiyo ni ya uongo. Dereva anahitaji kunywa chai. Tairi linahitaji kuangaliwa. Gari lililochelewa dakika 15 linahitaji mahali pa kuzilipa. Lipe angalau dakika 20 kila mwisho wa safari. Wapangaji wa treni huweka akiba hiyo mwishoni na nyingine kidogo njiani, ili kuchelewa kwa asubuhi kusifike jioni.

Akiba hiyo isitafutwe kwa mwendo. Vipande vya pori kati ya Nyakahura na Benaco si mahali pa kufidia muda, hasa jua likizama. Penye kibao cha 50 pita kwa 50. Ukipima dakika zako, pima kwa mwendo wa sheria. Ukipima kwa mwendo wa dereva mwenye haraka, umemwandikia ajali kwenye ratiba.

Siti za njiani

Shida kubwa ya gari linalojaa stendi ni hii: abiria wa njiani hana haki. Tenga siti. Daftari likikuambia Lusahunga hupanda watu watatu kila asubuhi, siti tatu zisiuzwe Biharamulo. Wape namba ya konda wazikate mapema kwa simu na walipe kwa mtandao. Asiyelipa dakika 30 kabla ya gari kuondoka, siti yake iuzwe. Na bei ya siti iwe ile ya Lusahunga, siyo ya Biharamulo.

Anza na safari moja tu ya saa maalumu. Moja. Iondoke kwa saa yake hata ikiwa na watu watano. Ishikilie mwezi mzima kabla ya kuongeza ya pili. Wiki ya kwanza utaumia. Usirudi nyuma, kwa sababu watu hawapangi siku yao kwa gari ambalo jana liliondoka saa 12:30 na leo saa 1:45.

Wapiga debe watapinga, na wana sababu. Wanaishi kwa kujaza magari. Wape kazi nyingine kwenye utaratibu mpya: kuuza tiketi, kupokea simu za siti, kushika saa ya kuondoka. Kijana mwenye sauti anayetangaza "zimebaki dakika tano" ana faida kuliko anayemvuta abiria mkono.

Mgongano mwingine ni wenye magari kugombea abiria. Treni za shirika moja hazifukuzani kwa sababu pesa yote inaingia mfuko mmoja. Nanyi jaribuni hivyo kwenye njia moja. Makusanyo ya siku yaingie kwenye mfuko wa pamoja, yagawanywe kwa idadi ya safari zilizofanyika kwa saa yake. Gari la saa 6 mchana, ambalo kila mtu analikimbia, litapata mtu wa kuliendesha. Mweka hazina awe mtu asiye na gari.

Karatasi za serikali

Leseni yako ya LATRA imeandikwa njia. Kama mpango mpya unabadilisha mahali unapoanzia au unapoishia, usianze kabla ya kwenda ofisi yao ya mkoa, Bukoba. Nenda na grafu yako. Nauli usizidishe iliyopangwa, hata gari la haraka.

Sehemu ya kusimamia kando ya barabara kuu ni ya TANROADS. Barabara za vijijini na mitaani ziko chini ya TARURA. Stendi ni ya halmashauri. Ukitaka kituo kihamishwe, jua kwanza unabisha hodi mlango upi, utaokoa miezi. Na ombi lako liwe na namba za daftari: wanaopanda kwa siku, walioachwa, mahali panapopendekezwa na sababu.

Na treni yenyewe ikija?

Mpango wa reli ya kisasa kutoka Isaka hadi Rusumo na kuendelea Kigali umezungumzwa miaka mingi, pamoja na tawi la Keza, wilayani Ngara, kwenda Musongati nchini Burundi. Usisubiri siku ya kuweka jiwe la msingi ndipo uulize kituo kitakaa wapi. Wakati huo ramani zimeshachorwa.

Kwanza, kuwa mkweli kuhusu idadi. Kati ya Dar es Salaam na Morogoro, njia kuu ya takriban kilomita 205, abiria wana stesheni sita tu, za mwanzo na mwisho zikiwemo. Barabara ya Lusahunga hadi Rusumo ni kilomita 92. Reli si lazima ifuate barabara, lakini kwa kipimo hicho eneo zima litapata stesheni mbili, labda tatu. Kila kijiji kikiomba cha kwake, mchoraji wa ramani ataamua peke yake. Kaeni kata kwa kata, mkubaliane sehemu moja au mbili, mzitetee kwa sauti moja.

Pili, ombeni mahali treni zinapopishana. Kwenye reli ya njia moja, treni mbili haziwezi kukutana popote. Lazima kuwe na njia ya pembeni, moja ingoje, nyingine ipite. Zile sehemu mistari ya grafu inapokatana ndipo zinapojengwa njia hizo. Treni inayongoja kupishana imeshasimama tayari, kwa hiyo kuongeza jukwaa la abiria hapo hakuipotezei muda mwingi. Hoja hiyo mhandisi ataisikiliza kuliko hoja ya kwamba kijiji chenu ni cha zamani.

Tatu, pigania ukaribu na watu. Stesheni ya mwisho ya SGR ya Mombasa iko Miritini, mbali na katikati ya mji. Ya Nairobi iko Syokimau, na abiria wanahitaji treni nyingine ya kuwafikisha mjini kati. Pale Nairobi treni hiyo imepangwa kufuata saa za SGR, kwa hiyo mambo yanakwenda. Kwenu, kama stesheni italazimika kukaa mbali na Ngara mjini, dai mambo mawili kwa pamoja: barabara ya kufika, na eneo la Hiace na bodaboda ndani ya uzio wa stesheni, lisiwe upande wa pili wa barabara. Wenye ratiba nzuri siku hiyo ndio watakaopewa kazi ya kusubiri treni.

Nne, tumia vikao vilivyopo. Mkutano mkuu wa kijiji hufanyika kila baada ya miezi mitatu. Mradi mkubwa kama huu hupitia tathmini ya athari kwa mazingira chini ya NEMC, na wananchi husikilizwa. Nenda na daftari lako la abiria la miezi kadhaa, nakala tatu. Moja mpe mtendaji wa kijiji, ya pili diwani, ya tatu watu wa tathmini. Hakikisha pendekezo la kituo limeandikwa kwenye muhtasari wa kikao, limegongwa muhuri, na nakala yake unaondoka nayo mkononi.